Hindi la Kwanza ni la Baba

Nyumbani kwetu hindi bichi la kwanza haliliwi mpaka baba alilimbue. Nimeanza na hilo kwa sababu kila ninapomsimulia mtu kisa hiki ananikatiza: "Sasa si mngekula tu?" Anayeuliza hivyo alilelewa kwingine. Kwetu shamba linaweza kulimwa na mama, kupandwa na mama, kupaliliwa na mama mara mbili huku ana mtoto mgongoni, lakini ndevu za mahindi zikishakauka tu, shamba linakuwa la baba. Yeye ndiye anayeng'ata hindi la kwanza. Anang'ata, anatafuna, anameza, anasema, "Haya, kuleni," ndipo mikono mingine inaruhusiwa kwenda kwenye sinia.

Na hindi hilo lina masharti kuliko bibi harusi. Halikatwi kwa kisu. Halivunjwi vipande. Halipukuchuliwi kwa vidole, kwa sababu ukilipukuchua kwa vidole umewafundisha ngedere, na mwakani nao watakuja shambani na vidole vyao. Linang'atwa kwa meno, likiwa zima, na wa kwanza kumeza lazima awe mwenye mji. Mahindi yakishakauka hakuna anayejali tena. Hindi kavu ni ugali, na ugali ni wa kila mtu. Mwiko wetu unalinda utamu peke yake. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi, na kila nikilifikiria damu inanichemka.

Kijiji chetu kiko ndani kidogo. Unashuka Misigiri, unachukua bodaboda. Baba hajaishi pale tangu nilipokuwa darasa la nne. Alikwenda Kintinku kutafuta kibarua cha kutengeneza reli, akapata kibarua, akapata na mke. Huko ana nyumba, ana ng'ombe, ana watoto ambao ni ndugu zangu na sina ugomvi nao. Kwetu alibaki mwenye mji kwa jina. Alikuja kwenye misiba, alikuja kwenye harusi, na alikuja kulimbua.

Miaka mingine alichelewa. Mwaka niliokuwa darasa la sita alichelewa wiki tatu. Mahindi yalikomaa mbele ya macho yetu. Kila asubuhi mama alikwenda shambani, akachana ganda kidogo, akabonyeza punje kwa ukucha. Maziwa yakiruka, hindi bado changa. Yakitoka mazito kama uji, ndiyo siku yake. Ukucha ukigonga na kurudi, umechelewa. Nilimwona akibonyeza, nikauona uso wake siku ukucha uliporudi. Siku iliyofuata niliiba hindi moja kutoka pembeni ya shamba ambako udongo ni mzito na mahindi yalikuwa bado laini, nikaenda nyuma ya zizi, nikalila bichi, bila moto wala chumvi. Mama alinikuta na maganda miguuni. Alikata ufito akanichapa hadi nikapiga kelele za kuita majirani. Hata leo kinachoniuma siyo ufito. Kinachoniuma ni kwamba mama alikuwa na njaa kama mimi, hindi lilikuwa la jasho lake, na bado alinichapa kwa niaba ya mtu aliyekuwa Kintinku anakula kwingine.

Baba alipofika alipewa hindi gumu. Akang'ata, akakunja uso, akasema, "Mwaka huu mmeyaacha yakomae sana." Sisi!

Sasa mimi ni mwalimu, nafundisha shule ya msingi huko Ikungi, nina watoto ambao wakitaka hindi la kuchoma wanapata njiani wakitoka shule. Ningeweza kusahau. Lakini mwaka huu mama alinipigia simu kuniambia kwamba daktari wa meno hospitali ya mjini amempangia siku. Alikuwa amebaki na meno matano: mawili juu na mawili chini upande wa kushoto, na moja peke yake mbele, linatikisika. Fizi zilikuwa zimeoza, usaha ulikuwa unatoka, usiku hakulala. Daktari alisema yote matano yang'olewe siku moja, Jumatatu, kisha fizi zipone. Meno ya bandia mama alishayakataa kabla hajaulizwa. Alisema hawezi kuweka mdomoni kitu kinacholala kwenye kikombe.

"Uje unisindikize," alisema. Halafu akaongeza, "Na mahindi yako tayari."

Nikaelewa. Mama yangu si mtu wa kusema anataka kitu. Anataja kitu kando ya jambo lingine, anakiacha hapo, wewe ndiye unayeinama kukiokota. Mama alikuwa ananiambia kwamba baada ya Jumatatu hatang'ata hindi tena maishani mwake. Mahindi mabichi ni kitu anachokipenda kuliko nyama, kuliko asali, kuliko pilau ya harusi. Na mwaka jana hakuonja hata punje, kwa sababu baba hakutokea kabisa. Alituma salamu kwamba anaumwa mgongo, mama akasubiri, mahindi yakakauka yote, yakaenda mashineni. Nilipomuuliza mwaka ule alisema, "Ugali nao chakula." Nilikata simu nikaenda kufundisha hesabu.

Niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikafika nyumbani Alhamisi. Kabla sijavua viatu nilikwenda shambani. Nikachana ganda, nikabonyeza. Maziwa yalitoka mazito. Tulikuwa na siku tatu, labda nne, na meno yalikuwa na siku nne kamili. Sijawahi kuona mambo mawili yakikimbizana namna ile ndani ya mwili na shamba la mtu mmoja.

"Baba amesemaje?" niliuliza.

"Amesema anakuja kesho."

Ijumaa hakuja. Nilipanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, maana ndipo mtandao unapopatikana, nikampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama." Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Sauti yake ilikuwa inavuja upepo, nikadhani ni mtandao. "Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Baba, mahindi yanakomaa. Mama anang'olewa meno Jumatatu. Yote. Unakuja lini?"

"Nakuja, mama, nakuja. Niliachwa na gari. Kesho."

Ningemwambia mengi. Lakini ukishamwamkia mtu shikamoo umejifunga mdomo mwenyewe. Huwezi kuitamka halafu ukamtukana kwa pumzi hiyohiyo. Kwetu ndivyo tulivyofundishwa. Nilishuka kwenye kichuguu nikiwa nimeuma meno, mimi ninayo yote thelathini na mbili, na niliyaona ni mengi mno kwa mtu mmoja.

Jumamosi asubuhi niliamua. Sikumwomba mama ruhusa. Nilichukua kikapu nikaenda kuvunja mahindi kumi na mawili, yale ya katikati ya shamba, yaliyonenepa. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, shavu lake amelifunga kanga. Aliniona nikirudi na kikapu kichwani. Hakusema kitu. Nilijiambia: asiyekataa amekubali.

Mahindi yetu tunayapika kwa hatua mbili. Kwanza tunayachemsha na maganda yake. Tunatoa yale ya nje tu, magumu, tunaacha mawili matatu ya ndani, laini, kisha tunayapanga kwenye sufuria na maji kidogo na tunayafunika kwa maganda yale tuliyotoa. Harufu inakaa ndani. Yakishaiva tunayavua yote, tunayapitisha juu ya makaa haraka haraka ili yashike madoa meusi, na hapo ndipo yanapakwa pilipili. Ukiyachoma tu bila kuchemsha yanakuwa magumu. Ukiyachemsha tu yanakuwa chakula cha mgonjwa. Mama anasema anayeuza hindi la kuchoma tu barabarani hana subira, na anayekula hana akili.

Pilipili yenyewe ndiyo kazi. Niliweka nyanya sita kwenye makaa mpaka ngozi ikababuka. Vitunguu vyetu vyekundu, vinne, nilivichoma na maganda hivyohivyo. Karanga nilizikaanga kavu, nikazipeta, nikazitwanga kwenye kinu kidogo, si mpaka ziwe unga, ziwe na vipande vya kutafuna. Kisha pilipili kichaa zilizokaushwa juu ya bati. Mama huweka saba. Niliweka kumi na tano. Nilitwanga kwa hasira mpaka kinu kikawa kinaruka chini, vumbi la pilipili likaniingia puani, nikapiga chafya, nikalia, nikaendelea kutwanga. Nilikuwa ninamtwanga mtu, kwa kweli, na sitajifanya vinginevyo.

"Utavunja kinu," mama alisema kutoka mlangoni.

"Kikivunjika kimechoka kungoja."

Nilichemsha mafuta ya alizeti, yale ya kukamuliwa hapohapo mashineni, ambayo bado yana rangi na harufu ya mbegu. Nikamimina vitu vyote humo: nyanya, vitunguu, karanga, pilipili, chumvi. Nikakoroga mpaka mafuta yakapanda juu na kuwa mekundu. Mwisho nikakamulia ndimu mbili nje ya moto, maana ndimu ikichemka inaleta uchungu. Nikachana ganda moja la hindi kwa kucha mpaka likawa nyuzinyuzi, hiyo ndiyo brashi yetu, nikapaka kila hindi likiwa bado linafuka moshi. Mafuta yaliingia katikati ya punje. Kijiji kizima kilinusa. Jirani alipita kwenye njia, akasimama, akauliza, "Mzee amekuja?" Nikamjibu kwamba hajaja. Akatazama sinia, akamtazama mama, akaendelea na safari yake haraka kama mtu aliyechungulia bafuni.

Nilichagua hindi lililo laini kuliko yote, nikalifunga ganda upande wa kushikia, nikapiga goti mbele ya mama nikamnyooshea.

"Kula, mama."

Alilitazama. Koo lake lilipanda na kushuka. Niliona mate yakimjaa, niliona kabisa. Kisha akageuza uso.

"Baba yenu hajafika."

"Hatafika."

"Amesema leo."

"Mama, mwaka jana alisema leo. Mwaka juzi alisema leo. Jumatatu unang'olewa."

"Najua siku yangu."

"Basi kula! Shamba ni lako. Jembe ni lako. Mgongo ulioinama ni wako. Yeye ameshika nini hapa?"

"Usipige kelele, watu wanapita."

Nilibadilisha njia. Nilimkumbusha kwamba mimi nina jina la mama yake baba. Kwa mila hiyohiyo baba ananiita mama, na mama mwenyewe akitaka kunitania huniita mkwe. Sasa mama wa mwenye mji si mkubwa kuliko mwenye mji? Basi nitalimbua mimi kwa jina la bibi, nimeze mbele ya kila mtu, kisha yeye ale. Nilijiona nina akili sana. Nilidhani nimempata.

Mama alifikiri. Kweli alifikiri, nilimwona. Akainua macho.

"Mama yake naye alingoja," alisema. "Nilimkuta anangoja. Alimngoja babu yako aliyekwenda kuchunga, akaja kumngoja baba yako, mwanawe wa kumzaa. Mimi nilikuwa nimekaa naye hapahapa, tumeyatazama mahindi kwenye sinia mpaka yakapoa."

Nilitaka kumshika taya nimwingizie hindi mdomoni kama anavyonyweshwa ndama dawa. Nilimkasirikia yeye kuliko nilivyomkasirikia baba, na hilo linanitia aibu mpaka sasa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Baba alikuwa na mwiko mmoja tu. Mama ndiye aliyeulisha, akaunywesha, akaulaza kitandani mwake miaka arobaini. Bila yeye ungekufa siku nyingi.

Mahindi yale hayakuliwa. Jioni niliwapa mbuzi mahindi kumi na moja, na moja nikalitupa kwa nguvu hadi kwenye zizi. Pilipili niliifunika. Mbuzi, kwa taarifa yenu, walikula bila kumngoja mtu.

Jumapili mama alikwenda kanisani na shavu lake limevimba. Mimi sikwenda, nilimwambia mama kwamba Mungu anajua nilipo na anajua kwa nini. Nilivunja mengine sita. Ukucha ulipobonyeza, punje ilikuwa imeanza kukaza. Nilipika tena kimyakimya, nikaipasha ile pilipili ya jana, nikapaka. Sijui nilikuwa nampikia nani. Labda nilikuwa napika ili niweze kukasirika vizuri.

Mama alikuwa amerudi na ameshabadilisha nguo ya kanisani pikipiki iliposimama uwanjani. Baba alishuka. Amezeeka. Alikuwa na koti lake lilelile la kahawia, fimbo, na mfuko wa plastiki wenye sukari na majani ya chai. Mama alitoka mbio, yaani mbio, mwanamke ambaye asubuhi alikuwa anashika ukuta. Akampokea mfuko kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

Nilimwamkia. Aliitika huku amejifunika mdomo kwa kiganja, kama mtu mwenye kikohozi. Nilimletea maji ya kunawa, nikamwagia mikononi bila kumtazama usoni. Kisha nikaleta sinia. Nilimwekea mbele yake mahindi sita mekundu kwa pilipili na nikakaa kwenye mkeka, mkabala naye, ili anione vizuri.

Mama alimchagulia hindi, mama yuleyule, kwa mikono yake, akalitazama pande zote, akampa. "Karibu, baba watoto. Tulikungoja."

Baba alilipokea. Akalizungusha. Akalinusa. "Pilipili ya mwaka huu ina harufu," alisema. Akalizungusha tena. Mafuta yalianza kumdondokea kwenye suruali. Sisi tulingoja. Nzi alikuja, baba akamfukuza. Akalisogeza hindi mpaka kwenye mdomo, akalirudisha.

"Ni la moto?" mama aliuliza.

"Hapana."

"Limekomaa?"

"Hapana, mke wangu." Akaliweka magotini. Ndipo alipoacha kuuficha mdomo, akaufungua, akatuonyesha. Ndani hamkuwa na kitu. Juu fizi, chini fizi, zimelainika na kung'aa kama za mtoto wa wiki moja.

"Tangu lini?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tangu mwaka juzi, baada ya mavuno. Huko Kintinku wanajua. Hapa niliona..." Alitazama fimbo yake.

Sasa nisomeni vizuri, maana hapa ndipo watu huniambia nilipaswa kumhurumia. Alikuwa mzee, alikuwa na aibu, alisafiri kutoka Kintinku kuja kufungua mdomo wake mtupu mbele ya mke na binti yake. Najua. Lakini mimi nilikuwa nahesabu. Mwaka jana mgongo haukuuma. Shamba zima liliachwa likauke, mama hakuonja punje, kwa sababu mwanaume mmoja hakutaka kuonekana fizi. Angeweza kupiga simu aseme, "Kuleni." Neno moja tu, wala halihitaji meno. Nilifungua kinywa nilitamke hilo, lakini mama alinitangulia.

"Hilo halina shida," alisema. Uso wake ulikuwa umekunjuka, kana kwamba ameletewa kazi anayoiweza. "Nitakung'atia mimi. Hindi litakuwa limeng'atwa kwa meno, vidole havijalipukuchua. Nitakutemea mkononi, wewe utameza wa kwanza. Mwiko haujavunjika."

Baba akafikiri. "Inawezekana," alisema.

Inawezekana! Akakinga kiganja chake chini ya kidevu cha mama. Mama akalichukua hindi, akainamisha kichwa upande wa kushoto, kule yaliko yale meno manne yanayokutana, akang'ata. Nilisikia punje zikikatika. Alifumba macho. Aling'ata tena, na tena, akaenda mstari mzima bila kumeza, pilipili inamchoma kwenye fizi zenye vidonda, machozi yanamtoka, mashavu yamejaa kama ya panya wa shambani. Meno yake ya mwisho, siku ya mwisho, na alikuwa anayafanyisha kibarua kwenye mdomo wa mtu mwingine. Alikuwa na utamu wote ule juu ya ulimi, pilipili, karanga, maziwa ya hindi lake, na anautunza tu kama mpagazi anayebeba mzigo usio wake. Akainama kwenye kiganja cha baba ateme jasho lake humo.

"Meza, mama!"

Nilipiga kelele kama ninavyopiga darasani watoto wanapotaka kupigana. Sikupanga. Kuku walitawanyika uwanjani. Mama alishtuka, akaruka kwenye kigoda, na kwa kushtuka kule akameza.

Niliona koo likipanda na kushuka. Tulijua wote watatu.

Kiganja cha baba kilikuwa bado kimekingwa, kitupu. Mimi nilikuwa na furaha ya vita. Nilijua nimeshinda. Mwiko umevunjwa, mbele ya mwenyewe, na anga halijaanguka. Nilimtazama mama nikitegemea sijui nini, pengine kicheko.

Mama alikuwa amepauka kwa hofu. Aliweka hindi kwenye sinia polepole. Akashuka kwenye kigoda, akiwa ameshika goti kwa mkono, akapiga magoti kwenye udongo mbele ya baba, mguu mmoja kwanza kisha wa pili, kwa maumivu.

"Nisamehe, baba watoto. Limenipita. Sikukusudia."

"Mama, inuka," nilisema. Hakunisikia. Nilimshika bega, akauondoa mkono wangu kama unavyoondoa buibui.

Baba alifunga kiganja. Akavuta pumzi ndefu, akatazama mbali kwenye mashamba, akijipa muda, kama hakimu. Kisha akamwekea mkono kichwani.

"Haidhuru," alisema. "Nimekusamehe. Kula tu, mama watoto. Haya, kuleni."

Akamsamehe. Alikaa kwenye kiti cha mama, kwenye uwanja uliofagiliwa na mama, akamsamehe mama kwa kosa la kula hindi la mama.

Na mama alikula. Aliinuka uso umejaa nuru, akakaa kwenye mkeka, akalichukua lile hindi akalimaliza, mstari baada ya mstari, kwa upande wa kushoto, mafuta yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Lile jino la mbele liliponasa alilisukuma kwa ulimi akaendelea. Alinyonya gunzi. Akachukua la pili. Sikuwahi kumwona akila kwa raha namna ile, raha ya mtu aliyefutiwa kesi. Hicho ndicho nilichokitaka tangu Alhamisi, na nilikiona chote, punje kwa punje, na sikuweza kugusa hindi langu, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa mchungu.

Alipomaliza la pili alifuta mikono kwenye kanga, akamgeukia baba, akamwambia asante.